Nguo za Chapa za Mkono: Historia Fupi tangu Leso za Pwani hata Meza za Ayany

Kila mwaka taarifa ya chama hubeba hesabu ya fedha, habari za wagonjwa na wafiwa, na majina ya wanachama wapya. Na kwa desturi hutiwa pia sura moja ya historia, ili watoto wetu wasije wakadhani kwamba mambo yote yalianza walipozaliwa wao. Mwaka huu kamati imeona vema sura hiyo iwe juu ya nguo za kupigwa chapa kwa mkono. Sababu ni mbili. Ya kwanza, miongoni mwetu hapa Ayany, na kwa ndugu zetu wa Kibera na Kawangware, wapo mafundi wanaochora nakshi zao wenyewe, wakazipiga juu ya kitambaa na kuziuza kwa mikono yao, bila ya tajiri aliye juu yao. Nao hulipa ada ya chama kwa kazi hiyo. Ya pili, katika mkutano mkuu uliopita liliulizwa swali ambalo halikupata jibu: nakshi ni mali ya nani? Mzee mmoja alisema kwamba maua hayana mwenyewe, kila apitaye njiani huyaona. Mama mmoja, ambaye ni fundi wa chapa, akainuka akamjibu, "Kwa heshima zako, mzee, mahindi nayo huonekana njiani, lakini hatujasikia kwamba umevuna shamba la mtu." Watu wakacheka sana, mwenyekiti akagonga meza, na swali likabaki pale pale.

Basi tumeona kwamba swali hili haliwezi kupata jibu jema ila kwa kurudi nyuma na kutazama nguo hizi zilitoka wapi, na nani alichora, na nani alikula faida.

Asili ya kazi hii katika nchi zetu ni kitambaa kisicho na nakshi yo yote. Wafanya biashara wa mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walikuwa wakifika Unguja kwa merikebu tangu miaka ya 1820, na wakaja kwa wingi zaidi baada ya mwaka 1833, ambao Sayyid Said alifanya mapatano ya biashara na serikali ya Marekani. Walinunua pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Wakaleta kitambaa cha pamba, kizito, kisichopaushwa, kilichofumwa katika viwanda vya kwao. Watu wakakiita kwa jina la nchi kilikotoka, marekani. Ajabu ni kwamba jina limedumu kuliko biashara yenyewe. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hata 1865, vilikata njia ya bidhaa hiyo, na wenye viwanda wa Manchester na Bombay wakaingia mahali pao. Walakini hata leo mwanachama akishuka mjini, Biashara Street, kununua kitambaa cha kupigia chapa, ataomba amerikani, na muuzaji hatamwuliza maana yake, ijapokuwa robota lenyewe limetoka bara Asia.

Marekani ikitiwa nili nyingi huwa kaniki, nguo nyeusi ya kazi, ambayo zamani ilikuwa vazi la watumwa na watu wasio na kitu. Jambo hili wasomaji walishike vizuri, kwa maana bila yake hawataelewa kwa nini nguo ya maua ilipendwa kwa bidii namna ile. Amri ya kukomesha utumwa katika Unguja na Pemba ilitolewa mwaka 1897; katika pwani ya Kenya ilikuwa mwaka 1907. Wanawake waliotoka utumwani waliivua kaniki wakavaa kanga. Hawakungoja mtu awaambie. Mwanamke aliyekuwa jana akiamrishwa, leo alipita sokoni na doti mpya yenye rangi tatu, na kila aliyemwona alijua kwamba nguo ile ameichagua mwenyewe na kuinunua kwa fedha yake. Sisi twaona kwamba tangu siku hizo nakshi ya nguo katika nchi yetu haikuwa pambo tu.

Kanga yenyewe ilikuwa imekwisha kuonekana kabla ya hapo. Masimulizi yajulikanayo sana ni haya: wanawake wa Unguja walikuwa wakinunua leso, yaani vitambaa vya mkono vyenye maua, vilivyoletwa katika jora bila kukatwa, badala ya kukata kimoja kimoja walikata sita, wakavigawa vitatu vitatu, wakavishona pamoja vikawa nguo moja pana. Neno leso lenyewe ni la Kireno, na Mombasa hata leo wengi husema leso mahali ambapo wengine husema kanga. Jina la kanga lilikuja kwa sababu ya madoa meupe juu ya rangi nyeusi, mfano wa ndege yule aitwaye kanga. Wenye maduka walipoona wanawake wanapenda nguo pana, wakaagiza ipigwe chapa nzima nzima, yenye mji katikati na pindo pande zote.

Hapa pana jambo ambalo mafundi wetu watafurahi kulisikia. Kabla viwanda vya Ulaya havijaishika kazi hii barabara, palikuwa na watu katika Unguja waliopiga chapa kwa mkono juu ya marekani, kwa mihuri ya mbao iliyochongwa. Fundi alichovya muhuri katika rangi, akaubandika juu ya kitambaa, akauinua, akaubandika tena kando yake. Basi mtu anayekaa leso zake pembeni mwa Kibera na kuzipiga kwa muhuri wa mti hafanyi jambo geni la kuletwa na wazungu kwa ndege. Amerudia kazi ya zamani ambayo ilikatwa katikati.

Ilikatwa na nini? Na wingi na unafuu. Katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa viwanda vya Manchester, na vya Uholanzi kama kile cha Helmond kilichoanza mwaka 1846 na ambacho leo chajulikana kwa jina la Vlisco, vilianza kupiga kanga kwa mashine na kuzipakia melini kwa robota nyingi. Baadaye wakaja Wahindi na Wajapani wakauza kwa bei ya chini kuliko hao. Muhuri wa mti haukuweza kushindana. Lakini mashine ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: haikujua wanawake wa Unguja na Mombasa wanataka nini. Mitindo ilibadilika upesi mno, na nakshi iliyogombaniwa mwezi huu, mwezi wa tatu ililala dukani hata ikaliwa na nondo. Ilibidi wenye maduka, wengi wao wakiwa Wahindi, wasikilize maneno ya wanunuzi, wachore au wachoreshe, kisha wapeleke michoro ng'ambo. Huko mchoraji wa kiwanda, ambaye hakuwahi kuona mnazi, akaisafisha na kuitia katika vipimo vya mashine.

Mfano ulio wazi ni nyumba ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ambayo ilianza mwaka 1887. Huyu ndiye ambaye watu walimwita Abdulla, na kanga zake zilitambulikana kwa alama ya K.H.E. na maneno ya kwamba ni mali ya Abdulla. Husemwa kwamba ndiye aliyeanza kutia jina katika kanga, yaani yale maneno ya mafumbo yaliyo juu ya pindo, mwanzoni mwa karne ya ishirini; kwanza yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kirumi. Mwanamke akataka nguo yenye jina la kumwambia jirani yale ambayo kinywa hakiwezi kuyasema. Akaenda dukani, akaeleza, akaondoka. Baada ya miezi kadhaa nguo ikarudi kutoka Ulaya na maneno yake, na chini yake alama ya mwenye duka.

Twaomba msomaji asimame kidogo hapa. Wazo ni la mwanamke. Mchoro ulipita mikononi mwa karani wa duka. Vipimo ni vya mchoraji wa ng'ambo. Alama ni ya mwenye duka. Faida kubwa ni ya duka na kiwanda. Hatusemi kwamba mwenye duka alikuwa mwizi. Yeye ndiye aliyetoa fedha, na nguo isiponunuliwa hasara ilikuwa yake peke yake. Twasema tu kwamba katika miaka yote hiyo hapakuwa na mtu aliyemwuliza yule mwanamke jina lake.

Afrika ya Magharibi ilikwenda njia nyingine. Katika mji wa Lomé, Togo, wanawake wafanya biashara walipata kutoka kwa wenye viwanda haki ya kuuza nakshi fulani peke yao, na ndio waliozipa nakshi hizo majina. Walitajirika hata wakaitwa Nana Benz, kwa sababu ya motokaa walizokuwa wakipanda. Utajiri huo ulipungua sana baada ya fedha yao kushushwa thamani mwaka 1994, na baada ya nguo za kuigiza kuja kutoka China kwa bei ndogo. Walakini kwa muda wa miaka mingi walikuwa na kitu ambacho mteja wa Unguja hakuwa nacho, yaani sehemu katika nakshi yenyewe.

Sasa tuje kwetu. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na maduka ya Wahindi yakafuata. Barabara iliyoitwa Indian Bazaar ndiyo Biashara Street ya leo. Kibera yenyewe ilianza kuwa makao ya askari wa Kisudani wa King's African Rifles na jamaa zao tangu mwanzo wa karne ya ishirini, na mwaka 1918 serikali iliitangaza kuwa ardhi ya askari hao, eka 4,197. Walikuta msitu, nao wakaita mahali hapo Kibra kwa lugha yao ya Kinubi. Mama zao walileta ufundi wao wa kusuka vyano vya rangi na kuvaa gurbaba, nguo ya kufunga yenye maua makubwa. Kwa hiyo mapenzi ya nguo ya rangi katika sehemu hizi hayakuletwa na mtu wa juzi. Baada ya uhuru, Shirika la Taifa la Nyumba lilijenga mitaa juu ya sehemu za ardhi hiyo, na Ayany ni mmojawapo. Wanubi hawakulisahau jambo hilo, wala hatuwezi kulipita kana kwamba halikuwapo. Mwaka 2017 walipewa hati ya eka 288 kuwa ardhi ya jamii yao. Habari za ardhi zataka taarifa yake peke yake.

Kazi ya kupiga chapa kwa mkono ilirudi mjini Nairobi kwa njia tatu, na zote twaziona bado katika nyumba za wanachama.

Njia ya kwanza ni mafunzo ya akina mama. Maendeleo ya Wanawake ilianzishwa mwaka 1952, na katika mambo iliyofundisha mlikuwamo ushonaji. Mwaka 1966 kanisa likaanzisha katika Pumwani kazi iliyoitwa Maridadi Fabrics, ili wanawake wa mtaa ule wa zamani wapate riziki. Huko nguo zilipigwa chapa kwa fremu juu ya meza ndefu na kuuzwa papo hapo. Hatuna haya kusema kwamba kila meza ya chapa iliyo Ayany leo ni mjukuu wa meza zile, hata kama mwenyewe hajui.

Njia ya pili ni wasanii. Gallery Watatu ilifunguliwa mwaka 1969, na mmoja wa waanzilishi wake, Robin Anderson, alikuwa akifanya picha za batiki. Mwaka 1972 Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais, pamoja na Alan Donovan, walianzisha African Heritage. Wageni na wenyeji wenye fedha wakazoea kuona kwamba nguo iliyofanywa kwa mkono yaweza kuwa na bei kuliko nguo ya kiwanda. Kabla ya hapo watu wengi wa Nairobi walidhani kinyume chake.

Njia ya tatu haisemwi sana, nayo ni rangi. Mwaka 1956 kampuni ya ICI ya Uingereza ilitoa rangi ziitwazo Procion, ambazo hushikana na pamba katika maji yasiyochemshwa, mradi tu yatiwe chumvi na magadi. Jambo hili laonekana dogo. Lakini fundi aliye katika chumba kimoja, mwenye jiko moja la makaa ambalo pia ndilo la kupikia ugali wa watoto, hawezi kuchemsha pipa la rangi. Rangi isiyohitaji moto ndiyo iliyomwezesha kufanya kazi nyumbani. Na magadi twayo tele: Ziwa Magadi haliko mbali na Nairobi. Jambo la kuangaliwa ni baridi. Rangi hizi hutaka joto la kiasi, na mwezi wa Julai, Nairobi inapojifunika mawingu kutwa, rangi huchelewa kushika na nguo hutoka imepauka. Mafundi wazoefu huizungushia beseni mablanketi, au huacha kutia rangi kabisa mwezi huo wakafanya kazi ya kuchonga mihuri.

Kwa kuwa wanachama wengi hawajapata kuiona kazi yenyewe, na wengine wamekuwa wakiuliza kwa nini kitambaa cha jirani yao kina bei kuliko kile cha Gikomba, tutaieleza kwa urefu kidogo.

Kitambaa kikitoka dukani kina uwanga uliotiwa kiwandani ili kionekane kizito. Usipoondolewa rangi hukaa juu ya uwanga, na kwa maji ya kwanza vyote viwili huondoka. Basi hufuliwa kwa maji ya moto na sabuni, nacho hurudi kimepungua urefu; fundi asiyejua hupima kabla ya kufua, na hasara huiona mwisho. Maji hayo hununuliwa kwa madumu ya lita 20. Kila hatua baada ya hapo yataka maji tena, na katika Kibera maji hayana bei moja, maana siku mfereji unapokauka bei hupanda. Maji machafu nayo yaenda wapi? Hushuka mtaroni, na mitaro ya huku huishia mto wa Motoine na Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 na ambalo watu walikuwa wakipigia mashua. Leo limejaa taka na majani. Hatusemi kwamba mafundi wa chapa ndio walioliharibu, maana uchafu wa bwawa lile una baba wengi. Ila tumewaomba wasimwage soda kali mtaroni, watoto wanapita peku.

Kupiga kwa fremu ni hivi. Fremu ya mbao huwambwa kitambaa chembamba chenye matundu madogo. Sehemu zisizotakiwa rangi huzibwa, na nakshi huachwa wazi. Rangi humiminwa ndani ya fremu, ikavutwa kwa ubao wenye ukingo wa mpira, ikapenya matundu na kushika nguo. Kila rangi ina fremu yake. Tuseme nakshi ina urefu wa sentimita 50, na meza ni ya mita 6: basi fremu hushushwa mara 12 kwa rangi moja. Nakshi ya rangi tatu hutaka mara 36, na kila mara ubao huvutwa kwenda na kurudi. Wala fremu haishushwi kwa mfuatano. Fundi hupiga ya kwanza, ya tatu, ya tano, hata mwisho wa meza, kisha hurudi kupiga ya pili, ya nne, ya sita, ili fremu isikanyage rangi iliyo mbichi. Kando ya meza pana vituo vya chuma vya kuishikia fremu. Kituo kimoja kikilegea kwa upana wa ukucha, jani la kijani litakaa nje ya mstari wake katika nguo nzima. Rangi ikikauka hupigwa pasi ya moto ili ishike. Mnunuzi mwerevu huchukua kitambaa cheupe kilicholowa akasugua juu ya nakshi. Kitambaa kikichafuka, pasi haikupita vizuri.

Batiki ni kazi ya namna nyingine, maana huko nta ndiyo huzuia rangi. Nta ya nyuki hulainika na kufuata nguo. Nta ya mishumaa hupasuka, na rangi ikapenya katika nyufa na kufanya mishipa ambayo hailingani na ya nguo nyingine yo yote. Fundi huchanganya mbili hizo kwa kadiri apendayo mishipa. Kadiri hiyo ni siri yake, nasi hatukumwuliza.

Baada ya kueleza haya yote twaweza kuzungumza habari ya soko, ambako ndiko machozi yalipo. Katika miaka ya 1960 na 1970 nchi yetu ilikuwa na viwanda vingi vya nguo: Kicomi ya Kisumu, Rivatex ya Eldoret, na vingine vya Thika na Nanyuki. Miaka ya 1990 milango ya biashara ilipofunguliwa, mitumba ikaingia kwa wingi, na viwanda vikaanguka kimoja kimoja. Rivatex ilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007 ili ifufuliwe. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikusudia kuikomesha mitumba pole pole. Marekani ikatishia kuondoa nafuu ya ushuru ya AGOA, na Kenya ikaliacha kusudi hilo. Fundi wa Ayany akitoka nyumbani kwake hufika soko la Toi kwa miguu, na huko hukuta shati lililovaliwa Ulaya likiuzwa kwa fedha ndogo kuliko bei ya kitambaa cheupe ambacho yeye hajakitia hata tone la rangi. Wanachama wanaouza mitumba ni wengi, nasi hatuwalaumu. Nao watoto wao hula. Ila ni wazi kwamba fundi wa chapa hawezi kumwuzia mtu atafutaye nguo ya kujisitiri tu. Humwuzia yule atakaye nguo ambayo mwingine hana.

Watu hao huwapata katika mahali patatu. Pa kwanza ni Maasai Market, ambayo huhama mahali kwa siku za juma, kama Jumamosi karibu na Mahakama Kuu. Huko kuna wageni, lakini pia kuna madalali, na mvua ya Aprili haijui kwamba umelipia nafasi. Pa pili ni maagizo: sare za harusi, kwaya, vikundi vya akina mama. Kazi hii ndiyo iliyo njema kuliko zote, maana mwenye kuagiza hutoa arubuni, na tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007 arubuni hufika kabla mwagizaji hajamaliza kupiga simu. Tumewashauri mafundi wasikate kitambaa bila arubuni, hata kwa jamaa. Hasa kwa jamaa.

Pa tatu ni maduka makubwa ya mjini, ambayo huchukua nguo kwa mali kauli. Wazee wa pwani walilijua neno hili vizuri: mali huondoka kwa maneno, na fedha huja ikisha kuuzwa. Zamani tajiri ndiye aliyempa mchuuzi mali kauli. Leo mambo yamegeuka: fundi maskini humpa mwenye duka mali, akangoja miezi, na nguo iliyofifia dirishani kwa jua hurudishiwa yeye.

Huko ndiko lilikotokea jambo lililoleta swali la mkutano. Fundi wetu mmoja, mama wa watoto wanne, alichora nakshi ya majani ya sukuma wiki na matone ya mvua. Wasomaji wasicheke, ilikuwa nzuri. Akapeleka vipande kadhaa katika duka moja la mjini kwa mali kauli. Vilirudi baada ya muda, vikiwa vimekunjwa vizuri, bila kuuzwa hata kimoja. Haukupita mwaka, binti yake akarudi nyumbani na kipande cha kitenge cha mashine alichokinunua kwa fundi cherehani: majani ni yale yale, matone ni yale yale, na hata kosa alilolifanya yeye katika ukingo wa jani la tatu lilikuwamo. Hatumtaji mwenye duka, kwa kuwa hatuna ushahidi kwamba ndiye. Vipande vile vilipita mikononi mwa watu wengi. Mama hakulia. Alisema tu kwamba kosa lile lilimwuma kuliko majani.

Je, sheria yasemaje? Kamati imeuliza. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 huhesabu kazi za mikono kuwa miongoni mwa kazi za sanaa, na haki ya mwenye kazi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Haki hiyo huja yenyewe kazi inapofanywa; shida ni kuthibitisha nani alitangulia. Iko pia Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka huo huo, ambayo kwayo nakshi mpya yaweza kusajiliwa katika ofisi ya KIPI kwa miaka mitano, ikaongezwa mara mbili, jumla miaka 15. Lakini nakshi ni lazima iwe mpya, na kusajili hutaka ada na karatasi. Fundi anayebadili nakshi kila baada ya miezi miwili hawezi kusajili zote. Wengine hudhani kwamba mambo haya ni ya wakubwa tu. Sivyo. Mwaka 2006 kampuni moja iliomba huko Uingereza kwamba neno kikoi, kwa tahajia ya kikoy, liwe alama yake peke yake ya biashara. Watu wa Kenya wakapinga, wakisaidiwa na shirika la Traidcraft, na ombi likaondolewa. Neno ambalo bibi zetu walilitumia bila kumwuliza mtu lilikaribia kuwa mali ya kampuni ya ng'ambo.

Kwa hiyo kamati imefanya lililo ndani ya uwezo wake. Limenunuliwa daftari kubwa lenye karatasi nzito, nalo laitwa Daftari la Nakshi. Mwanachama huleta kipande cha nguo chenye ukubwa wa kiganja pamoja na mchoro wa kwanza, hata kama umechorwa nyuma ya risiti. Hubandikwa, tarehe ikaandikwa, yeye akatia sahihi na mashahidi wawili wakatia zao. Daftari si sheria, wala hatujidai kwamba ni sheria. Ni ushahidi wa nani alitangulia, na wakili tuliyemwendea alisema kwamba ni afadhali kuliko kumbukumbu ya kinywa.

Nakshi ya majani ya sukuma wiki iko katika ukurasa wa kwanza, pamoja na kosa lake. Mwanachama mwingine alileta kisutu, chenye nyekundu na nyeusi na nyeupe, akitaka kiandikwe kwa jina lake kwa kuwa amekipiga kwa fremu yake mwenyewe. Kamati ilikataa, maana kisutu kilivaliwa harusini kabla babu zetu hawajazaliwa. Akaambiwa kwamba aweza kukipiga na kukiuza kadiri apendavyo, na kila mtu mwingine pia. Alikasirika kidogo, kisha akaleta pindo alilolibuni yeye, nalo likapokewa.

Daftari hukaa kwa katibu, na hufunguliwa Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi baada ya mkutano. Wenye vipande waje navyo vikiwa vimefuliwa na kukauka.